Nimehamia Dar kikazi na Kiswahili changu kinaniponza

"Mimi ni Mkenya, nimelelewa Nakuru na kufanya kazi Nairobi miaka tisa. Huu ni mwezi wa nane niko Dar es Salaam, nasimamia idara ya watu kumi na mmoja katika kampuni ya usafirishaji wa mizigo. Nilidhani hapa pangekuwa rahisi kwangu kuliko nchi nyingine yoyote kwa sababu lugha ninayo. Imekuwa kinyume. Nimepata kusikia kwamba ofisini naitwa 'kamanda'. Nikiuliza kama ripoti itakuwa tayari Ijumaa, wote wanasema sawa. Ijumaa ikifika hakuna ripoti, na hakuna aliyeniambia haiwezekani. Nikiuliza kuna shida gani, naambiwa 'haina shida, dada'.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, Mzaramo wa Kisarawe, alifiwa na babake. Tulienda ofisi nzima. Nikiwa nimeketi na kina mama, akaingia mama mmoja wa makamo amevaa koti na kofia ya marehemu, ameshika mkongojo, anakohoa kama mzee. Akasimama mbele ya mjane, akauliza nani atamlipa deni lake la kahawa kwa kuwa mwenye deni ameamua kutoroka. Kuna watu walicheka. Mimi nilishindwa kuvumilia, nikamwambia, 'Mama, hebu heshimu wafiwa.' Kukawa kimya. Akavua kofia, akatoka. Baadaye nikaambiwa yule ni mtani. Tangu siku hiyo hakuna aliyenikosoa hata kwa neno moja, ila wakati wa chakula nabaki peke yangu mezani. Nimekosea wapi, na nitarudi vipi? Ama nikubali tu kwamba Watanzania ni wanafiki na sisi ni wakali?"

Dada yangu, pole kwanza. Kuachwa ule peke yako ni adhabu nzito kuliko barua ya onyo, na naelewa kwa nini imekukosesha raha. Umeuliza mambo matatu yaliyofungamana: kwa nini unaonekana mkali ilhali hujamgombeza mtu, kwa nini "sawa" ya Dar haitimii, na ulivunja nini pale Kisarawe. Nitayajibu yote, ila la msiba nitalikalia zaidi, maana ukilielewa hilo, hayo mengine mawili yatajifungua yenyewe.

Niiondoe kwanza ile sentensi yako ya mwisho. Nenda Lamu, au Mji wa Kale pale Mombasa, umsikilize mama anayemtuma mtoto dukani. Utasikia upole uleule wa Tanga na Unguja, pengine wenye madoido zaidi, na hao ni Wakenya. Kisha panda basi hadi Tarime, ukae na Wakurya. Ni Watanzania, na jambo watakwambia usoni. Hapa Dar nao huitwa wakali kama unavyoitwa wewe. Wakurya haohao wako ng'ambo ya pili, Kehancha, na ukivuka kutoka Sirari kwenda Isebania husikii namna yao ya kusema ikibadilika. Tofauti iliyokusumbua haikuchorwa na mpaka. Imetokana na kazi ambayo Kiswahili kimepewa katika maisha ya kila mmoja wetu.

Mtu aliyezaliwa na kukulia Dar, mara nyingi, ana lugha moja ya kusema na mama yake, na Mola wake, na mwalimu, na polisi, na mchumba, na adui. Lugha hiyo moja imelazimika kubeba ngazi zote za heshima, kuanzia ya mkwe mpaka ya konda wa daladala. Wewe wa Nakuru bila shaka ulikuwa na tatu. Nyumbani lugha ya wazazi, ofisini Kiingereza, na Kiswahili kwa ajili ya sokoni, kwenye matatu na kwa jirani wa kabila jingine. Adabu yako uliihifadhi katika zile mbili za mwanzo. Nina hakika barua pepe zako za Kiingereza zimejaa unyenyekevu, na kwa lugha ya nyumbani huwezi kumjibu mzee hovyo. Kiswahili ulikipa kazi ya kumaliza shughuli haraka, na kazi hiyo kinaifanya vizuri. Sasa umekuja mahali ambapo lugha yako ya kumalizia shughuli ndiyo lugha ya watu ya kulelea watoto na kuzikia wazazi.

Hili lina historia, tusilaumiane. Mwaka 1928 kikao kilichofanyika Mombasa kilichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita cha wenyeji wa mji huohuo kikawekwa kando. Baada ya uhuru kila nchi ikashika njia yake. Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya serikali, ikakifanya lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma, ikaunda BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, mwaka 1967, na walimu wakapangiwa kazi mbali na kwao, Mhaya akafundishe Mtwara, Mmakonde akafundishe Mwanza. Kwenu Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani pale tu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na kikawa lugha rasmi sambamba na Kiingereza katika katiba ya 2010. Wazazi wako huenda walimaliza shule bila kulazimika kukifanyia mtihani. Hakuna aliyekunyima adabu. Ulipewa lugha ileile kwa matumizi mengine.

Na hapa ndipo ninapotaka uniamini, kwa sababu nimeona watu wengi wakiumia kwa jambo hili: kinachowaponza Wakenya Dar, na Watanzania Nairobi, ni kuelewana maneno. Angekuja Mdenmark akasema "nipe ripoti", ofisi nzima ingempigia makofi kwa kujua neno "nipe". Wangemsamehe kwa sababu wanajua anatafuta maneno. Wewe hutafuti. Unatiririka. Kwa hiyo kila neno lako linachukuliwa kuwa umelichagua, na kila ulichoacha kukisema kinachukuliwa kuwa umekikataa. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha siku ya Kiswahili na kusifu jinsi kinavyotuunganisha, nami huadhimisha kwa moyo wote, lakini ni lugha hiihii inayotufanya tusitegemee tofauti, na tofauti usiyoitegemea ndiyo inayoonekana kama ubaya wa mtu.

Mimi mwenyewe, mzaliwa wa Tanga, niliishi Nairobi miaka sita. Wiki ya kwanza niliingia duka moja Ngara, nikasema, "Samahani kaka, habari za kazi? Nilikuwa naomba maziwa." Muuzaji akaniangalia, akauliza, "Unaomba ama unanunua?" Nyuma yangu kulikuwa na watu watatu na noti zao mkononi. Nilitoka pale nimenuna, nikisema moyoni hawa watu hawana utu. Miezi mitatu baadaye mwenzangu wa kazi, mtu wa Murang'a aliyenipenda sana, aliniketisha akaniambia, "Wewe huzunguka mpaka watu wanadhani unaficha kitu. Sema tu unachotaka." Yeye aliona kuzunguka kwangu ni kumchezea. Kwake yeye, kumheshimu mtu ni kumpa ukweli mapema na kutomla muda wake. Kwangu mimi, kumheshimu mtu ni kumwachia mlango wa kutokea. Sote wawili tulikuwa tukiheshimiana kwa bidii na kuumizana kwa bidii ileile.

Huo "mlango wa kutokea" uushike, maana ndio mtambo mzima ulivyo. Sikiliza watu wa idara yako wanavyoomba ruhusa. Hawasemi "nataka ruhusa kesho". Watasema, "Dada, nilikuwa naomba ruhusa kesho." Ombi ni la sasa, ruhusa ni ya kesho, lakini kitenzi wamekirudisha jana. Kwa nini? Kwa sababu ombi la jana ukilikataa hujamkataa mtu aliyesimama mbele yako. Umekataa kitu ambacho tayari kimepita. Vivyo hivyo neno "kidogo": nina shida kidogo, nimechelewa kidogo, naomba nikusumbue kidogo. Mtu aliyechelewa saa mbili anasema kidogo, nawe unadhani anakudanganya. Hapimi muda. Analishusha jambo ili mpate pa kuzungumzia bila mmoja wenu kupandisha sauti.

Kwa hiyo ujumbe wako wa simu ukisema, kwa mfano, "Nipe ripoti ya makontena kabla ya saa nane," haujatukana mtu. Umeziba tu milango yote. Jaribu hivi: "Habari za tangu asubuhi? Samahani, nilikuwa naomba ile ripoti ya makontena, nikiipata kabla ya saa nane utakuwa umenisaidia sana." Angalia, saa nane imebaki saa nane. Hukupunguza kazi wala cheo. Umeongeza maneno kumi na kidogo, na maneno hayo katika mji huu ni sehemu ya mshahara wa mtu.

Jambo jingine dogo, na najua litakuwia gumu. Yule mlinzi wa getini mwenye mvi, na mama anayefagia ofisi yako: unawaamkia shikamoo? Wakenya wengi wa bara hawakulelewa nayo, na meneja anaogopa kwamba akimwamkia mfagiaji amejishusha. Hapa umri na cheo ni ngazi mbili tofauti, na mtu huweza kuwa juu kwenye moja na chini kwenye nyingine kwa wakati mmoja. Mama yule atakuitikia marahaba, atakuuliza umeamkaje, kisha ataondoa ndoo yake ukimwambia aiondoe. Neno lenyewe asili yake ni kushika miguu ya mkubwa, lakini usilibebe kwa uzito huo. Leo ni kukiri tu kwamba amekutangulia duniani. Anza na hilo kesho asubuhi. Katika yote nitakayokwambia, ndilo la bei rahisi kuliko yote na ndilo linaloonekana haraka.

Tuje kwenye "sawa". Kwako sawa ni ahadi. Kwa mtu aliyeulizwa mbele ya wenzake kumi, sawa maana yake "nimekusikia, na sitakuvunjia heshima hapa". Ahadi huja baadaye, mkiwa wawili, na huja imevaa nguo nyingine. Zoeza sikio lako. "Nitajitahidi" mara nyingi ni hapana iliyosikitika. "Tutaangalia" ni hapana isiyosikitika. "Bado" ni neno zuri ambalo lugha nyingi zinatuonea wivu: mtu wa miaka hamsini ukimuuliza ameoa atasema bado, kwa sababu "hapana" ingefunga jambo ambalo Mungu hajalifunga. Ila ukiisikia "bado kidogo" kuhusu ripoti siku ya Alhamisi, ujue haijaanza. Na "inshallah" usiidharau. Mwislamu anayemaanisha anaitamka kwa jambo atakalolifanya kweli. Isikilize sauti, lisikilize na lile analoliongeza baada yake.

Tatizo la swali lako la Ijumaa ni kwamba lina majibu mawili tu, na moja kati ya hayo halitamkiki mbele ya watu. Uliza swali ambalo ukweli unaweza kuingia bila kuinama. "Bandarini hali ikoje wiki hii?" "Mzigo ukikwama Jumatano, ripoti tutaipata lini?" "Kitu gani kinaweza kutuchelewesha?" Hapo mtu hakatai kazi yako, anakueleza habari za bandari. Muulize mmoja mmoja, kwenye meza yake, ukiwa umekaa. Pita Jumatano usisubiri Ijumaa. Na makosa ya mtu usiyataje kikaoni hata mara moja, hata kwa mfano usio na jina, kwa sababu watu kumi na mmoja wanajuana na jina litapatikana kabla hamjafika mlangoni.

Lakini nisikuelemee wewe peke yako, maana najua Watanzania wenzangu wanasoma. Ndugu zangu, "sawa" tunayoitoa tukijua fika kwamba kazi haitakamilika ina gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mtu mwingine: mteja aliyesubiri mzigo, mwenzetu aliyefanya kazi usiku kuziba pengo, au bosi mgeni aliyeaibika mbele ya wakubwa wake. Kumwachia mtu mlango wa kutokea ni utu. Kumwacha aingie shimoni huku tunamwona si utu. Dada huyu amekaa miezi minane bila mtu mmoja kumvuta pembeni. Katika watu kumi na mmoja, hakukosekana mtu mzima wa kufanya hivyo.

Sasa Kisarawe.

Utani, dada yangu, ni mkataba, hata kama haukuandikwa popote. Wazaramo wana utani na Wanyamwezi na Wasukuma, Wachaga wanao na Wapare, Wahehe wanao na Wangoni, na kuna mtandao mrefu wa namna hiyo Tanzania nzima. Chanzo si kimoja. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na walipochoka kuuana wakabaki na matusi yasiyoua. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa misafara ya kutoka Tabora hadi Bagamoyo, safari ya miezi, na karibu na pwani walipita nchi ya Wazaramo wakihitaji maji, chakula, pa kulala, na wakati mwingine pa kuzikwa. Mtu aliye mbali namna hiyo na ukoo wake anahitaji mtu wa kumzika. Ndani ya ukoo nako kuna utani wa babu na mjukuu, wa mashemeji, wa mabinamu. Mwanaanthropolojia wa Uingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba katika uhusiano wa namna hii mmoja ana ruhusa, na pengine wajibu, wa kumdhihaki mwenzake, naye mwenzake ana wajibu wa kutokasirika. Liangalie hilo neno wajibu. Yule mama hakuja pale kuchekesha kwa sababu ana tabia ya kuchekesha. Alikuwa kazini.

Kazi gani? Mwangalie tena, sasa ukijua. Amevaa koti la marehemu kwa ruhusa, maana koti hilo halikujitoa kabatini; kuna mtu wa familia alimpa. Anatembea kwa mkongojo na kukohoa kama yule mzee, ili kwa muda mfupi wamwone tena akiwa hai, na kwa kikohozi chake, si kwa sifa zake. Anasimama mbele ya mjane, ambaye pengine alikuwa hajala tangu jana, anamdai deni la kahawa. Mjane anatakiwa afanye moja kati ya mawili: acheke, au amfukuze kwa utani. Vyovyote vile atafungua mdomo. Mwanamke aliyefungua mdomo kucheka atapewa uji na atakunywa. Mara nyingi watani haohao ndio wanaoshika kazi nzito msibani, kuchota maji, kupika, kuchimba kaburi, wakati wafiwa hawana nguvu. Dhihaka na jembe huja pamoja, na anayevitoa huwa mtu mmoja.

Kuna jingine la ndani zaidi, na ndilo lililonifanya niseme msiba huu utakufungulia mengine. Jamii inayozunguka maneno kiasi hiki inahitaji mahali pa kusemea ukweli bila kuzunguka. Mtani ndiye mahali hapo. Yeye ndiye anayeweza kusema hadharani kwamba marehemu alikuwa mkopaji, kwamba mtoto mkubwa hakuja kumwona baba akiwa mgonjwa, kwamba kaka na dada hawazungumzi na leo wazungumze. Wengine wote wana "nilikuwa naomba" na "kidogo". Yeye ana ruhusa ya kusema lilivyo. Wewe uliyekuwa ukitafuta miezi minane mtu wa kusema wazi, ulikutana naye, na bila kujua ukamtoa nje. Waliokuwepo waliona mgeni akivunja kazi ya msiba kabla haijakamilika, na ukimya ule ulikuwa wa watu wasiojua nani sasa ataimaliza.

Hata hivyo usijihukumu kupita kiasi. Ulisimama kumtetea mjane usiyemjua, na hilo nalo lilionekana. Sina shaka kuna waliolitaja wakirudi nyumbani. Wala si kila Mtanzania angekasirika. Mijini utani wa makabila umepungua, vijana wengi wa Dar wanalijua neno "watani wa jadi" kwa Simba na Yanga tu, na wapo masheikh na wachungaji wanaoukataza utani misibani kabisa. Huenda ofisini kwako kuna mtu aliyekubaliana nawe kimoyomoyo. Na wala jambo lenyewe si geni kwenu: babu wa Nakuru humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na hakuna anayeita polisi, na vijana wenu wana mchongoano, wanatukanana mchana kutwa kwa ufundi na kugawana chakula jioni. Kanuni unayo. Ulichokosa ni kujua kwamba hapa inaingia mpaka kwenye matanga.

Ufanye nini basi? Wapo watakaokushauri ujigeuze Mtanzania, uige kila neno. Sikushauri. Utachoka, na watu watanusa uigizaji. Wapo watakaokushauri uitishe kikao useme, "Mimi ndivyo nilivyo, nizoeeni." Hilo lina ukweli ndani yake, na kwa baadhi ya ofisi limefanya kazi, lakini lingefaa mwezi wako wa kwanza hapa; leo, baada ya msiba, litasikika kama kofi la pili. Njia ninayoiona ni ya kati, na ina gharama kwako: badilisha umbo la maneno, ushike palepale tarehe na viwango vya kazi, halafu mtafute mtu mmoja ofisini, mwenye umri kukuzidi na anayesikilizwa, umwambie mkiwa wawili, "Naomba uwe unanivuta sikio nikikosea." Umpe ruhusa hiyo kwa maneno hayohayo. Bila ruhusa hatathubutu. Hataanza siku hiyo hiyo. Subiri wiki tatu, nne.

Onyo moja. Usianze wewe kutania watu kwa sababu umesoma habari za utani hapa. Mtani hajiteui. Na mwanamume akikutamkia maneno kuhusu mwili wako kisha akasema "utani tu", huyo si mtani na huo si utamaduni wa mtu. Utani una jamaa zake, mahali pake na mipaka yake, na kila mtu mzima hapa anaijua. Unyanyasaji wa kijinsia ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Usilitafutie tafsiri ya kitamaduni. Andika tarehe na maneno aliyoyasema, ulipeleke kwa anayehusika na wafanyakazi.

Kuna mengine pia ambayo ushauri wa kusoma hautoshi. Ukianza kuona nyaraka zinafichwa makusudi, au ukisikia uraia wako ukitajwa kama sababu ya kutokutii, au kibali chako cha kazi kikigeuzwa kuwa kitisho, hayo yamevuka lugha. Zungumza na uongozi wa juu ana kwa ana, na mwanasheria ikibidi. Na kama unakosa usingizi, unalia kabla ya kwenda kazini, au Jumapili jioni moyo unakwenda mbio, tafadhali mtafute mshauri nasaha au daktari uonane naye. Upweke wa ugenini huingia mwilini, na maneno yangu hapa hayawezi kukushika mkono. Tafuta pia Wakenya wenzako waliokaa Dar miaka mingi. Wapo wengi, na kila mmoja ana Kisarawe yake.

Kuhusu yule mama, usiombe radhi ofisini wala kwa ujumbe wa simu. Msiba ulivunjikia nyumbani, utengenezwe palepale nyumbani. Kama familia itasoma hitima ya arobaini, na kwa hesabu yako siku hiyo iko karibu, hiyo ndiyo nafasi. Mwambie mwenzako aliyefiwa, taratibu, kwamba ungependa kufika na kwamba ungependa kumwona mama mtani. Sura yake itabadilika palepale. Nenda na yule mtu mzima wa ofisini, usiende peke yako. Chukua sukari na mchele, funga khanga, vaa na mtandio. Piga hodi usubiri kuitikiwa. Wasalimie wakubwa wote kwa mkono kabla hujataja kilichokuleta, kisha mwachie mwenzako afungue mazungumzo: "Tumekuja na mgeni wetu, ana neno." Hapo sema kwa kifupi, "Mama, nilisema nisichokijua. Naomba uniwie radhi." Usieleze nia yako ilikuwa nini, hiyo itamlazimu akufariji.

Akikukumbatia tu na kukuita mwanangu, shukuru, mmemaliza salama. Lakini ninavyowajua watani, atakunja uso, atasema Mkenya huyu alimfukuza kwenye msiba wake mwenyewe na kofia hajaimaliza kuivaa, na atakudai faini mbele ya watu wote. Itakuwa kuku, au doti ya khanga, au hilo deni la kahawa na riba yake. Usimshukuru wala usianze kujieleza. Mbishie bei kama mnavyobishana sokoni Gikomba, Nairobi, kwa sauti, mpaka watu wacheke, halafu lipa.